"Dawa ya mishipa" Butembo na Beni: kabla ya kununua, uliza mwili umepungukiwa nini

BUTEMBO – Katika maduka ya dawa ya Rue d'Ambiance mjini Butembo, na vilevile kando ya Boulevard Nyamwisi mjini Beni, kuna ombi ambalo wauzaji wamelizoea: "Naomba dawa ya mishipa." Anayeliomba anaweza kuwa mama ambaye nyayo zake zinachoma usiku kama zimepakwa pilipili. Anaweza kuwa dereva wa pikipiki mwenye maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, mwanafunzi anayesahau masomo, au baba ambaye hajalala vizuri tangu alipokimbia kijiji chake. Wote wanne wanaweza kutoka dukani na vidonge vilevile vya vitamini B.

Kwa mmoja wao vidonge hivyo vinaweza kuwa msaada wa kweli. Kwa mwingine ni franka zilizopotea. Na kwa mwingine, vikimezwa vingi na kwa muda mrefu, vinaweza kuumiza mishipa ileile aliyotaka kuiponya.

Tofauti kati yao haisomeki kwenye boksi la dawa. Inategemea swali ambalo mara nyingi haliulizwi pale dirishani: mwili wa mtu huyu umepungukiwa nini, na kwa sababu gani?

Neno moja, magonjwa mengi

Kiswahili chetu kina mchango wake katika mkanganyiko huu. Tunasema "mishipa" kwa mishipa ya damu, kwa mishipa ya fahamu inayobeba hisia na amri za ubongo, na wakati mwingine hata kwa kano zinazoshika misuli kwenye mfupa. Mgonjwa akisema mishipa inamuuma, muuzaji bado hajajua chochote.

Ganzi au moto unaoanza kwenye vidole vya miguu yote miwili na kupanda polepole, kana kwamba mtu amevaa soksi, ni dalili ya mishipa ya fahamu. Hapo upungufu wa vitamini ni moja ya sababu za kuchunguza, pamoja na kisukari, pombe, virusi vya ukimwi na baadhi ya dawa. Maumivu ya mguu mmoja yanayotoka kiunoni mara nyingi huja kwa sababu mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni, na vitamini haiondoi kinachoubana. Miguu inayovimba hadi kidole kikibonyeza kinaacha shimo ni habari ya moyo, figo, ini au mishipa ya damu.

Na mtu ambaye ghafla mdomo unapinda, mkono unalegea au maneno yanamkwama, huyo hahitaji dawa ya mishipa ya dukani. Apelekwe hospitalini saa ileile, kwa maana hizo ni dalili za kiharusi.

Vitamini zinafanya nini ndani ya ubongo

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote tunazopata kwenye chakula. Vitamini B1 husaidia kugeuza sukari ya bugali, mchele au viazi kuwa nguvu hiyo. Ikikosekana, ubongo na mishipa ya fahamu huwa kati ya sehemu za kwanza kuteseka.

Seli za ubongo huzungumza kwa kutumia kemikali. Serotonini inahusika na hisia na usingizi. Dopamini inahusika na mwendo, hamu na umakini. Nyingine iitwayo GABA hutuliza seli zisichangamke kupita kiasi. Mwili hauwezi kutengeneza kemikali hizi tatu bila vitamini B6, na kwa dopamini na serotonini unahitaji pia madini ya chuma.

Vitamini B12 ina kazi nyingine. Mshipa wa fahamu unafanana na waya wa umeme uliofunikwa kwa ganda. B12 ikipungua kwa muda mrefu, ganda hilo linaharibika, na ujumbe unachelewa au kupotea njiani. Ndiyo maana upungufu wake unaweza kuanza kama ganzi ya miguu, ukaendelea hadi kuyumba wakati wa kutembea na kusahausahau.

Kwa hiyo anayesema vitamini zinagusa kemia ya ubongo hasemi uongo. Kosa linakuja katika hatua inayofuata, pale mtu anapodhani kwamba kama kidogo kinahitajika, basi kingi kitaleta akili nyingi. Vitamini ni kama fundi kwenye ujenzi. Nyumba ikikosa fundi, kazi inasimama. Lakini ukileta mafundi 50 mahali panapohitaji wawili, ukuta haupandi haraka mara 25. Wengine watakaa tu, na wengine wataanza kusumbua.

Pia si kila kinachomezwa kinafika kichwani. Ubongo una ukuta wa ulinzi unaochuja damu. Ndizi zetu zina serotonini ndani yake, lakini serotonini hiyo haivuki ukuta huo. Ubongo hutengeneza ya kwake wenyewe. Mtu anayeuziwa boksi lenye jina la kemikali ya ubongo aulize kwanza kama kitu hicho kinaweza kufika kwenye ubongo.

Kidonge kidogo cha wagonjwa wa kifua kikuu

Mfano ulio wazi zaidi wa vitamini inayolinda mishipa unapatikana karibu nasi, kwenye vituo vya afya vinavyotibu kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linaihesabu Kongo kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo.

Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Kati ya dawa zinazotumika kuna isoniazidi, ambayo ilianza kutumiwa mwaka 1952. Dawa hii inaua vijidudu vya kifua kikuu vizuri sana, ila madaktari waligundua mapema kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa wanapata ganzi na moto miguuni. Sababu ni kwamba isoniazidi huufanya mwili upoteze vitamini B6 na kushindwa kuitumia.

Suluhisho likawa rahisi: kumpa mgonjwa B6 kidogo pamoja na dawa yake, miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Wanaohitaji kinga hii zaidi ni wajawazito na wanaonyonyesha, watu wenye virusi vya ukimwi, wenye kisukari, wanaokunywa pombe nyingi, wenye ugonjwa wa figo na wale ambao miili yao imedhoofika kwa njaa. Katika mji kama Beni, wenye familia nyingi zilizohama mashamba yao kwa sababu ya mauaji, hilo kundi la mwisho si dogo.

Kuna mambo mawili ambayo mgonjwa anapaswa kuyajua. La kwanza, akianza kuhisi ganzi asiache dawa za kifua kikuu. Arudi kituoni na kusema, maana ugonjwa ukirudi kwa sababu dawa zilikatizwa unaweza kuwa mgumu zaidi kutibu. La pili, B6 ile kidogo aliyopewa kituoni imepimwa. Hakuna faida ya kwenda dukani kuongeza nyingine "ili ifanye haraka".

B6 ikizidi inageuka

Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban miligramu 1.3 za B6 kwa siku, na wazee zaidi kidogo. Kiasi hicho kinapatikana kwenye viazi, ndizi, maharagi, samaki na nyama.

Sasa tazama vidonge vinavyouzwa kama dawa ya mishipa, vile vinavyochanganya B1, B6 na B12. Baadhi yake vina miligramu 200 za B6 katika kidonge kimoja. Hiyo ni zaidi ya mara 150 ya mahitaji ya siku. Mtu akimeza vitatu kwa siku amefikisha miligramu 600.

Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walitoa taarifa juu ya watu 7 waliokuwa wanameza gramu 2 hadi 6 za B6 kila siku. Walipoteza hisia mikononi na miguuni na wakawa wanayumba wakitembea. Walipoacha, hali zao zilianza kuwa nzuri. Tangu hapo madhara yameripotiwa pia kwa viwango vya chini zaidi, hasa mtu akivitumia kwa miezi au miaka. Mwaka 2023 mamlaka ya Ulaya inayosimamia usalama wa chakula ilishusha kiwango cha juu cha B6 kwa mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku. Marekani bado inatumia miligramu 100.

Hatari hapa ni mzunguko ambao mgonjwa hauoni. Miguu inachoma, ananunua vidonge. Baada ya miezi kadhaa inachoma zaidi, anadhani dawa ni kidogo, anaongeza. Daktari anaweza kumwandikia mtu kipimo kikubwa kwa muda mfupi akiwa na sababu, na huyo afuate maagizo. Lakini anayenunua mwenyewe kila mwezi bila mwisho anastahili kuhesabu miligramu zilizoandikwa kwenye boksi.

Kisukari, pombe na ganzi ya miguu

Katika miji yetu, mtu mwenye ganzi ya miguu yote miwili anapaswa kwanza kupimwa sukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu, na vitamini haishushi sukari. Mgonjwa anaweza kumeza vidonge vya mishipa mwaka mzima huku kisukari kinaendelea kimyakimya, hadi siku anapojikuta na kidonda unyayoni ambacho hakukihisi kikianza. Hapo ndipo watu wanapopoteza mguu.

Lakini wapo wenye kisukari ambao wanahitaji vitamini kweli. Metformini, dawa inayotumiwa sana kushusha sukari, ikitumiwa kwa miaka hupunguza uwezo wa utumbo kufyonza B12. Ganzi ya mgonjwa huyo inaweza kuwa ya sukari, ya upungufu wa B12, au ya vyote viwili. Asiache metformini. Amuulize daktari kuhusu B12.

B12 ya asili iko kwenye vyakula vya wanyama tu: samaki, nyama, maini, mayai na maziwa. Sombe, maharagi na lengalenga ni vyakula bora, ila B12 havina. Familia iliyokimbia na kuishi miaka kwa bugali na majani peke yake iko katika hatari, ingawa akiba ya ini inaweza kuficha upungufu kwa muda mrefu kabla dalili hazijaonekana.

Wengi huamini kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge. Kwa B12, sindano ina nafasi yake, hasa kwa mtu ambaye tayari mishipa imeguswa. Kwa wengine wengi, vidonge vyenye kipimo kikubwa hufanya kazi pia. Kuchomwa sindano ya vitamini na mtu asiye muuguzi, mahali pasipo safi, kunaweza kuleta jipu, kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu wa makalio, au kuambukiza magonjwa ya damu.

Kwa wanywaji wa kasiksi na pombe kali, vitamini inayokosekana mara nyingi ni B1. Pombe inachukua nafasi ya chakula na pia inazuia utumbo kuifyonza. Mnywaji anayechanganyikiwa ghafla, macho yakichezacheza na miguu ikiyumba hata asipokuwa amelewa, ni mgonjwa wa dharura. Akipewa B1 mapema hospitalini anaweza kupona. Akichelewa, kumbukumbu inaweza isirudi.

Idjwi, muhogo na chumvi

Kuna kirutubisho kimoja kilichobadilisha ubongo wa watoto wengi duniani kuliko vidonge vyote vya dukani, na sehemu ya elimu yake ilitoka Kivu. Ni iodini.

Tangu miaka ya 1960 watafiti kutoka Ubelgiji, wakishirikiana na kituo cha utafiti cha Lwiro, walichunguza goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, kwenye kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu. Tezi hiyo hutumia iodini kutengeneza homoni ambazo bila hizo ubongo wa mtoto tumboni haukui sawasawa. Mama akikosa iodini sana, mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, kiziwi, au akashindwa kutembea vizuri.

Kilichowashangaza ni kwamba iodini ilikuwa chache pande zote za kisiwa, lakini goita ilikuwa nyingi zaidi kaskazini kuliko kusini-magharibi. Uchunguzi uliwapeleka kwenye muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri huacha sianidi, na mwili unapoisafisha hutengeneza kitu kinachozuia iodini kuingia kwenye tezi. Pale iodini inapokuwa ya kutosha, tezi huhimili. Pale inapokuwa chache, mtoto ndiye anayelipa.

Kwa familia za Beni, Butembo na Lubero, kinga yake ni chumvi yenye iodini. Wafanyabiashara wa kwetu wana historia ndefu na chumvi: tangu zamani Wanande walikuwa wanavuka kwenda kuifuata Katwe, upande wa Uganda wa leo. Ila chumvi ya ziwa iliyochotwa hivihivi si sawa na chumvi iliyoongezewa iodini. Iodini haionekani kwa macho, kwa hiyo angalia maandishi kwenye pakiti. Na kwa kuwa inapotea kwa unyevu na joto, weka chumvi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moshi wa jiko, na uitie kwenye mboga mwishoni.

Muhogo wenyewe una hatari nyingine kwa mishipa ya fahamu. Ugonjwa wa konzo hupoozesha miguu ghafla na haurudi nyuma. Ulielezwa na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 huko Kwango, na mwaka 2011 watafiti waliuripoti Kivu Kusini. Huwapata wanaokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, bila maharagi, samaki au nyama ya kuusaidia mwili kusafisha sianidi. Hali hiyo huja wakati wa njaa na vita, pale watu wanapokosa siku za kuloweka.

Dawa yake si kidonge. Ni kuloweka muhogo siku zinazostahili. Unga ukiwa bado na mashaka, unalowanishwa kwa maji na kutandazwa kwa tabaka jembamba, saa 2 juani au saa 5 kivulini, ili sianidi iondoke hewani. Kisha unapikwa siku hiyohiyo.

Mimba: siku 28 za mwanzo

Asidi ya foliki ni mfano mwingine wa kirutubisho chenye ushahidi mzito. Mrija unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutunga. Wakati huo mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Mrija usipofunga, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi.

Utafiti mkubwa uliotolewa Uingereza mwaka 1991 ulihusu wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo. Asidi ya foliki iliyoanzwa kabla ya mimba ilipunguza kurudia kwake kwa asilimia 72. Kwa mwanamke asiye na historia hiyo, kipimo kinachoshauriwa ni mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia anapopanga kubeba mimba.

Vidonge vyekundu vya chuma na foliki vinavyotolewa kwenye kliniki ya wajawazito vina kazi kubwa, ikiwemo kulinda damu ya mama. Lakini anayekuja kliniki mara ya kwanza akiwa na miezi 5 amekwisha kupita dirisha la mrija ule. Kama unapanga mtoto, nenda mapema.

Funzo la Pemba

Je, kama chuma ni muhimu kwa ubongo, kwa nini tusiwape watoto wote? Jibu lilitoka kisiwani Pemba, Zanzibar. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, watoto wadogo walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku katika eneo lenye malaria nyingi. Waliopewa walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa hospitalini kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa.

Walipotazama kundi dogo lililopimwa damu kwa undani, waliona kwamba watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walifaidika. Tangu hapo OMS inasisitiza kwamba, katika maeneo ya malaria, chuma kwa watoto kiende pamoja na kinga na matibabu ya malaria. Beni, yenye joto na mbu, ni eneo la namna hiyo. Dawa ya kuongeza damu isinunuliwe kwa mtoto mwenye homa kabla hajapimwa.

Akili za mtihani na usingizi wa vita

Wakati wa Exetat, wazazi wengine huulizia vidonge vya kumbukumbu. Mmea wa ginkgo, unaosifiwa sana kwa kazi hiyo, ulijaribiwa Marekani kwa wazee 3,069. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba haukuwakinga na ugonjwa wa kusahau. Mwanafunzi aliyelala vya kutosha na kula asubuhi amefanya zaidi kwa ubongo wake kuliko boksi hilo.

Jambo zito zaidi ni huzuni na kukosa usingizi. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wameishi na mauaji ya raia. Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imewaua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Ni nani atashangaa kwamba watu hawalali?

Ni kweli kwamba upungufu wa B12, foliki, chuma au homoni za tezi unaweza kumfanya mtu ashuke moyo, na inafaa kupimwa. Lakini kwa mtu asiye na upungufu, vitamini haifuti alichokiona. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 uliwafuatilia watu 18,353 wa Marekani wenye umri wa miaka 50 na zaidi kwa takriban miaka 5. Vitamini D haikuwakinga na ugonjwa wa huzuni.

Mtu anayerudiwa na picha za mauaji usiku, anayeogopa kila mlio, au anayefikiria kujiua, anahitaji kusikilizwa na mhudumu aliyefunzwa, na wakati mwingine dawa za hospitali. Butembo ina kituo cha magonjwa ya akili kinachojulikana kama CEPIMA, na vituo vya afya vinaweza kumwelekeza mgonjwa. Kwenda huko si kuwa "kichaa". Ni kama kwenda kufungwa mfupa uliovunjika.

Na wale wanaotumia dawa za kila siku wawe waangalifu. B6 au foliki nyingi inaweza kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kifafa. Mmea uitwao St John's wort, unaouzwa katika baadhi ya mchanganyiko wa mitishamba kwa ajili ya huzuni, hudhoofisha baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi na pia njia za uzazi wa mpango. Mwonyeshe daktari kila boksi unalotumia, hata kama umeambiwa ni "asili tu".

Maswali ya kubeba dukani

Kabla ya kutoa pesa, uliza mambo matano. Dalili yangu inaonyesha upungufu gani? Naweza kupimwa sukari, damu au kifua kikuu kwanza? Kidonge hiki kina miligramu ngapi za kila vitamini? Nitakitumia kwa siku ngapi, na nitajuaje kama kimenisaidia? Kinagombana na dawa ninazotumia? Muuzaji asiyeweza kujibu hata moja hajakukosea heshima akikutuma kituoni. Mwenye kukutilia shaka ni yule anayejibu yote kwa boksi moja.

Tuwarudie wale wanne wa mwanzo. Mama wa nyayo zinazochoma apimwe sukari, aulizwe kama anatumia dawa za kifua kikuu au metformini, na kama amepungukiwa B6 au B12, apewe kwa kipimo. Dereva wa pikipiki achunguzwe mgongo. Mwanafunzi alale, ale, na macho yake yapimwe kama haoni ubao. Baba aliyekimbia kijiji apate mtu wa kumsikiliza. Ni mmoja tu kati yao ambaye huenda jibu lake liko ndani ya kidonge, na hata yeye atalijua baada ya kupimwa.